Kisima cha kijiji Pangani: tunapewa sola, dira za malipo ya kabla na sensa. Tusaini?

katibu_chombo

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni katibu wa chombo cha watumia maji katika kijiji kimoja cha pwani ya Pangani. Tuko watu kama 1,600. Kisima chetu kina urefu wa mita 62, kesingi (bomba la kukinga kuta za kisima) ya inchi 6, na kiko kilomita 1.2 kutoka baharini. Maji yakitulia yanakaa mita 18 kutoka juu. Walipopima kwa kusukuma saa 24 mfululizo, mita za ujazo 9 kwa saa, yalishuka hadi mita 31 yakasimama hapo. Tenki ni la lita 50,000, mnara wake mita 9, liko mita 400 kutoka kisimani, na ardhi ya pale imepanda mita 14 kuliko ya kisimani. Kwa sasa tunasukuma kwa jenereta ya dizeli.

Mfadhili ametuletea mkandarasi na profoma: pampu mpya ya kilowati 2.2, paneli 6 za wati 400, bomba jipya la plastiki la milimita 50 hadi kwenye tenki, dira za malipo ya kabla kwenye vituo vyote, na sensa za tenki zinazotuma ujumbe kwenye simu. Jenereta ataichukua mkandarasi, thamani yake ihesabiwe kuwa sehemu ya mchango wa kijiji. Wajumbe wamegawanyika. Kuna wanaosema tukikataa hata kimoja tutaonekana hatutaki maendeleo, na kuna wasiotaka kusikia habari ya sola kabisa. Naomba wenye ujuzi waniambie tukubali nini, tukatae nini, na kipi kiandikwe kabla ya muhuri kupigwa.

mhandisi_raskazone

Katibu, vipimo ulivyoleta vinatosha kufanya hesabu, na hesabu ndiyo itakayowasuluhisha wajumbe wako. Jibu langu kwa kifupi: sola kubalini, lakini si hiyo iliyoandikwa. Bomba la milimita 50 kataeni. Jenereta isiondoke. Dira na sensa nitazifikia.

Tuanze na mahitaji. Sera ya Maji ya 2002 iliweka lita 25 kwa mtu kwa siku, na kituo kimoja kwa watu 250. Watu 1,600 ni mita za ujazo 40 kwa siku, na vituo 7.

Sasa urefu ambao pampu inapandisha maji. Mita 31 ndani ya kisima, 14 za mwinuko, 11 za mnara pamoja na mdomo wa tenki, jumla 56. Ongeza msuguano ndani ya bomba. Ukisukuma mita za ujazo 6 kwa saa kwenye bomba la milimita 63, unapoteza kama mita 1 kwa kila mita 100, kwa hiyo mita 4 kwa njia yenu yote. Kwenye bomba la milimita 50 unapoteza karibu mita 3 kwa kila 100, yaani 12. Hizo mita 8 za ziada mtazilipia kila siku kwa nguvu ya jua, kwa sababu mtu ameokoa pesa kidogo kwenye bomba siku moja. Chukueni la 63, jumla iwe mita 60.

Nishati: zidisha mita za ujazo kwa mita za kupandisha, gawa kwa 367, unapata kilowati-saa. 40 mara 60, gawa kwa 367, ni 6.5. Hiyo ni kazi ya maji peke yake. Pampu, mota, kontrola na waya kwa pamoja hugeuza kuwa kazi hiyo kama asilimia 45 tu ya umeme mnaovipa, kwa hiyo mnahitaji kilowati-saa 14.5 kwa siku.

Paneli 6 za wati 400 ni kilowati 2.4. Kwa jua linalolingana na saa 5 kamili, ukitoa robo kwa ajili ya joto, vumbi na chumvi, zinazaa kilowati-saa 9. Hizo zinapandisha mita za ujazo 25, si 40. Masika jua likishuka hadi saa 4 mtapata 20 au pungufu. Tena hapo nimewapendelea, maana pampu ya kuzamisha ikizunguka polepole asubuhi au chini ya wingu haipunguzi maji kidogo kidogo. Ikishuka chini ya kasi fulani haifikishi tone kwenye tenki, inakoroga tu. Aliyeandika profoma ameona pampu ni kilowati 2.2 akaweka paneli za kilowati 2.4, akaona zimetosha. Ni kosa la kawaida sana katika miradi ya vijijini na halina utetezi, kwa sababu hesabu yenyewe inaenea kwenye nusu ukurasa. Mnahitaji kilowati 5: paneli 12 za wati 420, au 10 za wati 500. Hapo pampu itafikia mwendo wake mapema asubuhi na kuushikilia hadi alasiri, karibu saa 7 za kusukuma.

Mwambieni mkandarasi aweke hesabu yake kwenye karatasi na aisaini: maji kwa siku mwezi wa Mei, kwa urefu wa mita 60. Akikataa kusaini namba hiyo, mmeshapata jibu.

Ipo habari moja hukutaja, nayo ni kubwa kuliko yote. Kisima kiko mita ngapi juu ya usawa wa bahari?

katibu_chombo

Ahsante sana mhandisi. Kwenye ripoti ya uchimbaji imeandikwa mita 20.

mhandisi_raskazone

Basi sikiliza vizuri, katibu, maana hapa ndipo visima vya pwani yetu vinapoharibika.

Maji baridi (yasiyo na chumvi) chini ya pwani yanaelea juu ya maji ya bahari, kwa sababu ya chumvi ni mazito zaidi kidogo. Kanuni ya Ghyben na Herzberg inasema kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba kama mita 40 za maji baridi chini yake. Maji yenu yakitulia yako mita 2 juu ya bahari (20 toa 18), kwa hiyo kinadharia mna kama mita 80 za maji baridi chini ya usawa wa bahari, na kisima kinaishia mita 42. Mmekaa salama. Lakini mkisukuma hadi maji yashuke mita 31, uso wa maji ndani ya kisima unakuwa mita 11 chini ya bahari. Kwa muda mfupi si tatizo kubwa. Mkifanya hivyo kila siku kwa miaka, maji ya chumvi yanapanda kutoka chini kuelekea kwenye chujio (sehemu ya kesingi inayopitisha maji), na yakishaingia hayatoki kwa mwezi mmoja wala miwili.

Hapa sola na bahari vinapingana. Sola inawataka msukume maji ya siku nzima ndani ya saa chache. Kisima cha pwani kinataka kisukumwe polepole kwa saa nyingi. Ndiyo maana nimesema mita za ujazo 6 kwa saa ziwe kikomo, theluthi mbili ya zile 9 za kipimo. Kwa kasi hiyo maji yatashuka hadi kama mita 27 badala ya 31. Ile 31 nimeiacha kwenye hesabu ya nguvu kwa ajili ya kiangazi. Kontrola ifungwe isivuke 6 hata jua likiwa kali kiasi gani, na nywila ya mpangilio huo mbaki nayo ninyi na ofisi ya RUWASA (wakala wa maji vijijini) wilayani. Mkandarasi akisema pampu kubwa zaidi ni “kwa faida ya baadaye”, mwambieni hapana.

Jenereta ndiyo akiba ya masika. Siku za mawingu mnasukuma nayo polepole jioni, mita za ujazo 4 au 5 kwa saa, mnajaza kilichopungua. Kusukuma siku nzima kwa dizeli kunakula kama lita 5 au 6, ndiyo sababu sola ina maana. Lakini kwa siku chache za masika jenereta ni kifaa sahihi kabisa na tayari ni mali yenu. Kuitoa ni kupoteza akili ya kawaida. Iandikwe kwamba kontrola iwe na njia mbili za umeme, paneli na jenereta, na swichi ya kubadilisha.

Nunueni na kipimo cha mkononi cha chumvi, kile cha kupima upitishaji wa umeme wa maji. Maji ya bahari yanasoma karibu maikrosimens 50,000 kwa sentimita. Andikeni kipimo cha leo kabla ya pampu mpya kushushwa, kisha kila mwezi siku ile ile, baada ya kusukuma saa 2. Kikipanda kwa moja ya tano kutoka kipimo cha mwanzo, punguzeni kasi ya pampu wiki hiyo hiyo. Msingoje ulimi uwaambie.

Na kibali cha kutumia maji je? Kwenu kinatolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Kiasi kilichoandikwa humo kwa siku kilingane na hizi 40. Wengi hulichukulia jambo hili kuwa karatasi tu, lakini siku jirani atakapotaka kuchimba kisima cha umwagiliaji mita 150 kutoka kwenu, hicho kibali ndicho kitakachowasemea.

fundi_ngamiani

Mhandisi kamaliza upande wa hesabu. Mimi niongeze upande wa spana, kwa sababu hata hesabu ikiwa safi, ufungaji mbovu unaua pampu ndani ya mwaka.

Pampu ikae mita 42 kutoka juu, mradi hapo isiwe mbele ya chujio la kesingi. Angalieni ripoti ya mchimbaji. Chujio likianzia hapo, pandisheni pampu. Sensa ya kuzuia kusukuma bila maji ikae mita 38. Hiyo ndiyo sensa pekee ambayo mimi nisingekubali kuikosa, maana pampu ikizunguka kavu dakika chache inakwisha. Kesingi yenu ni inchi 6 na mota itakuwa ya inchi 4, kwa hiyo maji yanaweza kuingia kwenye pampu bila kupita ubavuni mwa mota, ikapata joto. Wekeni shati la plastiki kuizunguka mota ili maji yalazimike kupita hapo kwanza.

Bomba la ndani ya kisima liwe la plastiki la rola, milimita 63, daraja la PN16 (la kustahimili baa 16). Msikubali mabomba ya chuma ya kupakwa zinki. Kwa maji yenye chumvi chumvi yanaliwa kwenye meno ya kuungia, na siku ya kuvuta pampu yanakatika, mnabaki na pampu chini. Kamba ya kushikilia iwe ya nailoni nene au ya chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316. Ile 304 wanayoiuza kama “stenlesi” huku pwani inatoboka vidoa.

Kiungo cha waya wa mota ndiyo penye uvivu. Waya kila mmoja ukatwe urefu tofauti ili viungo visikae mahali pamoja, ubanwe kwa kibano cha shaba, uvikwe mpira wa kusinyaa kwa moto wenye gundi ndani. Tepu nyeusi ya kawaida haistahimili chini ya maji. Kisha mpime kwa mega (kifaa cha kupima kama waya unavujisha umeme) ya volti 500 kabla ya kushusha, na tena pampu ikiwa chini. Ikisoma chini ya megaomu 1 haiwashwi, inavutwa juu. Namba zote mbili ziandikwe kwenye kitabu mbele ya mjumbe.

Upande wa paneli: zitazame kaskazini, mlalo wa digrii 10. Kwa hapa Tanga jua halidai zaidi, hizo 10 ni ili mvua isafishe. Kipindi cha kusi upepo unaleta chumvi na inaganda kwenye kioo, basi zioshwe kwa maji yasiyo na chumvi na kitambaa laini kila wiki mbili, alfajiri, si saa sita mchana kioo kikiwa cha moto. Fremu ya alumini ikifungwa kwa bolti za chuma cheusi inaliwa pale pale kwenye tundu. Bolti na washa ziwe za 316.

Paneli 12 zikifungwa mfululizo, kila moja ikiwa na volti 49, ni volti 588 kabla ya mzigo. Inaua. Hakikisheni kontrola inabeba volti hizo na ziada, na swichi ya kukatia iwe ya DC (umeme wa mkondo mmoja, ule wa paneli) iliyoandikwa volti hizo. Breka ya nyumbani ya AC haikati cheche ya DC, inaendelea kuwaka ndani hadi boksi linayeyuka. Plagi za paneli ziwe za kampuni moja pande zote mbili. Zinaingiana hata zikiwa tofauti, lakini mguso unakuwa mdogo, zinapata joto, zinaungua.

Arthi: fito za shaba, na mchanga wenu ukikauka zinaweza zisitoshe, kwa hiyo ongezeni fito hadi kipimo kishuke chini ya omu 10. Kinga ya radi pande zote mbili za kontrola.

mtunza_hesabu_mkinga

Habari zenu. Kuhusu dira za malipo ya kabla, mimi niko upande wa kuzikubali, ila kwa masharti. Fedha za maji zinapopita mikononi mwa mtu anayekaa kwenye kituo, ugomvi hauishi, hata akiwa mwaminifu. Dira inaondoa ugomvi huo, na akina mama wanachota saa kumi na moja alfajiri bila kumngoja mwenye ufunguo.

Masharti yenyewe: dira ihesabu salio ndani yake yenyewe, isitegemee mtandao kila mtu anapochota, la sivyo mnara wa simu ukizima kijiji kinakosa maji na tenki limejaa. Kila kituo kiwe na njia ya pembeni yenye koki na kufuli, ili dira ikifa maji yaendelee. Kabla ya dira kuwe na chujio dogo linalofunguka kwa mkono, kwa sababu punje moja ya mchanga inaizuia valvu isifunge na maji yanamwagika usiku kucha. Daftari la wateja na salio zao liwe mali ya chombo, likabidhiwe kila mwezi katika faili linalofunguka kwenye kompyuta yoyote. Mkandarasi akifunga ofisi, msibaki na dira zisizozungumza na mtu. Na fedha ziingie moja kwa moja kwenye akaunti ya chombo, si kwanza kwa kampuni kisha ziwarudie.

Bei nayo ifanyieni hesabu mapema. Mfano: ndoo ya lita 20 kwa shilingi 20 ni shilingi 1,000 kwa mita ya ujazo. Mkiuza 25 kwa siku ni 750,000 kwa mwezi. Chukulieni pampu na kontrola ni milioni 6 na zitadumu miaka 6: hapo mtenge 83,000 kila mwezi kwenye akaunti isiyoguswa, kabla ya posho ya mtu yeyote. Ongezeni betri za dira na dira moja ya akiba. Kama bei haibebi hayo, dira haitawaokoa.

mhandisi_raskazone

Sipingani na mtunza hesabu kuhusu masharti. Napinga mpangilio. Ningeanza na vituo viwili tu vyenye dira, vile vyenye wateja wengi, na vitano vibaki na koki za kawaida na dira ya kawaida ya kusoma kwa macho. Baada ya masika mbili mtajua valvu zinavumilia chumvi au hazivumilii, kisha mfunge zilizobaki. Fedha inayobaki sasa iende kwenye paneli 6 zilizopungua na bomba la 63. Maji yasipofika kituoni, dira inahesabu hewa.

Sensa ya tenki inayotuma ujumbe kwa simu iondoeni. Valvu ya boya inafunga maji tenki likijaa, na mpira mwembamba unaoonyesha maji, uliofungwa ubavuni mwa tenki, unaonekana na mtoto aendaye shule. Teknolojia iwekwe pale jicho lisipofika na kosa linapogharimu, yaani chini ya kisima.

Na serikali yetu niiambie neno hapa, maana nalisema kila mahali. Mradi wa maji usihesabiwe siku utepe unapokatwa. Uhesabiwe kwa lita zinazoingia kwenye ndoo mwaka wa tatu. Namba hiyo ikidaiwa kwenye kila ripoti ya wilaya, profoma za paneli 6 zitakoma zenyewe. Chombo chenu kinatambuliwa na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019, na wahandisi wa RUWASA wilayani ni wa kwenu pia. Wapelekeeni profoma pamoja na hesabu hizi, waombeni maoni kwa maandishi. Mjumbe anayeogopa kuonekana hataki maendeleo atatulia akiona barua ya mhandisi wa wilaya.

katibu_chombo

Nashukuru wakuu wote, nimenakili kila namba. Maswali mawili ya mwisho. Mkandarasi anataka alipwe yote siku ya makabidhiano, je ni sawa? Na lile bomba la zamani, la chuma, tulifukue?

fundi_ngamiani

Malipo yote siku hiyo hapana. Zuieni asilimia 10, nusu ilipwe baada ya makabidhiano na nusu baada ya miezi 12 ya uangalizi. Makabidhiano yenyewe yawe kwa kipimo: dira ya kawaida kwenye bomba la kuingilia tenki, isomwe asubuhi na jioni siku 7 mfululizo, wastani ulinganishwe na namba aliyoisaini. Daini mchoro wa kilichojengwa kweli, wenye kina cha pampu, mahali bomba lilipopita na mahali kila valvu ilipo. Na vipuri viwe mkononi mwenu siku hiyo: kontrola moja, sensa moja ya maji, vifaa vya viungo viwili vya waya, plagi za paneli jozi 4, fyuzi za DC 6.

Bomba la zamani msilifukue lote, gharama yake ni kubwa kuliko chuma mtakachopata. Likateni ncha zote mbili, mzibe, na lisiguse jipya popote. Jipya lizikwe sentimita 80, lizungushiwe mchanga laini usio na mawe, na juu yake sentimita 30 mtandaze utepe wa plastiki wa rangi ili mwenye jembe auone kabla ya kulifikia. Pale linapokatiza barabara lipitisheni ndani ya bomba la chuma la inchi 4.

mhandisi_raskazone

Nyongeza kwa fundi: hizo siku 7 za kipimo zisifanywe Januari wakati wa kaskazi, jua likiwa la kuchoma. Ikibidi makabidhiano yawe kipindi hicho, basi kipimo kirudiwe Mei, na ile nusu ya pili ya zuio ifungwe na kipimo cha Mei.